Dadu Langu Hutupwa Nyuma ya Katoni

Admin, nifichie jina. Majina ya wenzangu nimeyabadilisha mwenyewe. Mimi ni mzee wa miaka sabini na sita, mwalimu wa Kifaransa niliyestaafu, naishi mtaa wa Saio hapa Bunia, na siku hizi siwezi kufika barabarani bila kushikwa mkono. Ninachoficha ni hiki: najua kwamba watu watatu ninaowapenda kuliko wote wananidanganya kila Jumamosi, nami nakaa nao mezani na kucheka.

Binti yetu aliye Kampala alituletea mchezo wa mezani. Si kama ludo. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni, anasema mtu huyo anafanya nini, na mmoja wetu anaongoza hadithi. Ukitaka kufanya jambo gumu, unatupa dadu la nyuso ishirini. Namba kubwa umefaulu, ndogo umeshindwa. Mtu wangu ni mwizi, na kazi yake kubwa ni kujificha. Mwongozaji ni rafiki yangu wa tangu ujana, tunayemwita Dokta ingawa alikuwa infirmier, muuguzi tu. Wachezaji wengine ni mke wangu, Mama Esther, na Jeanne, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye sasa ana duka la dawa.

Sheria ya kujificha ilitugombanisha alasiri nzima. Jeanne alisema kila mtu atupe dadu lake mbele ya wote. Mimi nilikishika kitabu cha sheria nikakisoma kama nilivyowasomesha watoto, neno kwa neno, nikashikilia kwamba anayejificha hawezi kujua kama amejificha vizuri mpaka atafutwe. Kwa hiyo mwongozaji ndiye atupe dadu, kwa siri, kisha aseme tu kama umeonekana au la.

"Njo vile," Dokta akakubali. "Mwalimu amesema, siye ni nani?" Akakata katoni ya biskuti, akaisimamisha mbele yake. Tangu hapo dadu langu likawa linatupwa nyuma ya katoni.

Miezi ikapita, mwizi wangu hakuonekana hata mara moja. Nilijisifu. Kisha Jumamosi moja dadu likamponyoka Dokta, likabingirika hadi karibu na kiatu changu. Lilionyesha moja, namba mbaya kuliko zote. Yeye hakujua kwamba nimeliona. Aliliokota, akarudi nyuma ya katoni yake, akatangaza, "Askari amepita, hakukuona, muzee."

Jioni ile, Dokta alipokuwa akiaga nje, nilisikia kupitia dirisha. Mama Esther alimwambia, "Dokta, leo nilifikiri atatukamata." Naye akajibu, "Tumuachilie tu ashinde, mama. Foie yake, ile ini, imekwisha. Iko na siku kidogo, hata kwenye hospitali walituambia." Jeanne alikuwepo, akasema dawa ya maumivu ataongeza yeye mwenyewe, wala nisiambiwe.

Mimi nimeambiwa ni gastrite, ugonjwa wa tumbo tu. Mke wangu alinishika mikono yote miwili na kuniambia ni gastrite, nisile pilipili. Kwa miezi sijagusa pilipili, mimi mtu wa pilipili!

Uchungu wangu si kufa. Nimezika wengi katika mji huu. Uchungu wangu ni kwamba walikaa, wakazungumza habari za mwili wangu, wakapatana, kisha wakaja kuketi nami na kuniuliza mwizi wangu anaelekea wapi. Tena walitumia sheria niliyoipigania kwa kinywa changu.

Nikaamua kuwajaribu. Jumamosi iliyofuata nilisema, "Mwizi wangu anajificha katikati ya soko, saa sita mchana, amevaa koti jekundu, na anapiga filimbi."

Dokta akatupa dadu nyuma ya katoni. Hakuliangalia hata kidogo, macho yake yalikuwa kwangu.

"Hakuna mutu amekuona," akasema.

"Papa Esther, weye ni mulozi!" Mama Esther akapiga makofi. "Na koti jekundu!" Sote tukacheka mpaka nikakohoa. Jeanne akasema anaenda kutazama chai, akakawia sana jikoni, na aliporudi hakuwa na chai.

Sasa nyinyi msionijua, nawaomba mawazo. Niwaambie kwamba nilisikia, niwaharibie hizi Jumamosi zilizobaki? Au nife nikiwa nimedanganywa na watu wangu, nao wabaki wakifikiri mwalimu wao alikuwa mjinga? Nipeni shauri, lakini msikawie.

Kabla hamjajibu, lipo moja ambalo sijamwambia hata pasta aliyekuja kuniombea. Jumamosi iliyopita Dokta aliilaza ile katoni mezani. Akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Muzee, iko kitu unataka kutuuliza? Uliza. Leo tutakujibu." Mama Esther akaacha kumenya karanga. Jeanne akainamisha kichwa. Wote watatu walikuwa wananingoja.

Nikamwambia, "Hakuna kitu. Simamisha katoni yako, utupe dadu."