Karani wa Vidole Viwili

Karani wa maabara yetu ya udongo pale Ruiru alichapa kwa vidole viwili, huku akinong'ona kila tarakimu. Diski za kompyuta ya zamani hazikusomeka kwenye mpya, na mtaalamu aliyetoka Nairobi alisema vipimo vya miaka kumi na mmoja vimepotea. Karani aliziweka kompyuta zote mbili mezani, akawa anasoma kwa moja na kuchapa kwa nyingine. Alimaliza baada ya miezi tisa, mwaka wa tisini na sita. Mkubwa wetu, Bwana Gachau, alifurahi sana.

"Kazi safi, mama! Na mwezi ujao tunaletewa kompyuta mpya kabisa."

"Zitasoma diski za hii?"

"Aii, hilo sijauliza."

Karani alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaenda stoo kutafuta meza kubwa zaidi.