Viza ya Kwenda Kujaribiwa Kazi

Mguu wa bandia wa kwanza niliotengeneza peke yangu ulikuwa wa mfugaji wa Kisukuma aliyekatwa mguu baada ya kuumwa na nyoka huko bondeni. Siku alipouvaa akavuka uwanja wa hospitali bila fimbo, nyuma yangu alikuwa amesimama mama mmoja wa Kijerumani, fundi wa viungo bandia, aliyekuja Ifakara kutufundisha sisi mafundi wa hospitali. Kwao alikuwa na karakana yake mwenyewe. Alipokaribia kurudi kwao, akaniita pembeni.

"Kwangu mafundi ni wachache," aliniambia kwa Kiswahili chake cha kukwaruza. "Ningekuajiri leo hii. Lakini wewe baridi huijui, na mimi sijui kama utapapenda. Njoo kwanza miezi miwili. Fanya kazi, nikulipe kama fundi yeyote. Wewe unipime, na mimi nikupime. Tukielewana, uhamie na familia yako."

Nilitembea mpaka nyumbani Kibaoni kama mtu aliyekunywa togwa iliyolala hadi ikawa kali. Mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa anasahihisha madaftari ya wanafunzi. Nilipomaliza kumweleza aliweka kalamu chini.

"Unataka kwenda?"

"Nataka."

"Basi tutafute njia."

Mdogo wake alikuwa akipeleka mchele Dar es Salaam, na kwa kuwa mji aliujua, kila mtu alimwona ana majibu ya mambo yote. Alicheka nilipomuuliza habari za viza.

"Shemeji, unajisumbua bure. Omba viza ya kutembea, sema unakwenda kumsalimia rafiki yako. Ukishafika, nani atakuja kukuchungulia karakanani?"

Ilikuwa njia fupi, na niliiwaza siku kadhaa. Kilichonisumbua ni kwamba mimi sikuwa nakwenda kutembea. Mwishowe nikasema afadhali niulize mwenyewe. Nilipanda treni ya TAZARA, na kesho yake asubuhi nikasimama kwenye dirisha la ubalozi wa Ujerumani, Dar es Salaam. Aliyekaa ndani alikuwa Mtanzania mwenzangu, mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Nilimwamkia, nikamwaga yote bila kuficha: kazi ya miezi miwili, kwa malipo, ya kujaribiwa, na nia ya kuhamia baadaye.

Akanitazama sana. "Wenzako hawaniambii hivyo."

"Nifanyeje, mama?"

Akanieleza taratibu, kama anayemfundisha mtu kupika. Viza ya kutembea ingetoka upesi, lakini mwenye viza hiyo haruhusiwi kulipwa hata kwa siku moja. Viza ya shughuli za biashara ingeniruhusu kukutana na yule fundi, kuona mashine zake na kuzungumza naye mkataba. Kushika tupa na kutengeneza mguu wa mteja kwa ujira, hapana. Iliyonifaa ilikuwa viza ya kazi ya muda mfupi. Hiyo ilitaka mwajiri aniombee kwanza kwao, ofisi ya wageni ya mji wake ikubali, ndipo ubalozi unipe.

"Itachukua muda," alisema. "Na wanaweza kukataa."

"Na nikienda na ile ya kutembea, halafu nikafanya kazi?"

"Siku utakapokuja kuomba kuhamia na watoto wako, watakuuliza hiyo kazi uliifanya lini, na kwa ruhusa ya nani. Utajibu nini?"

Hapo hapo nikajua njia yangu. Nilimpigia yule fundi simu kutoka posta. Alilalamika kwanza kuhusu ofisi za kwao, kisha akasema atakwenda mwenyewe kuniombea.

Tulingoja. Masika yalikuja, barabara ya Mkula ikageuka tope, mabasi yakawa yanafika yanapotaka. Mpunga ukavunwa, nami bado nilikuwa Kibaoni. Shemeji yangu hakuchoka. "Ungekuwa umeshakwenda na kurudi," alinitania mbele za watu, wakacheka. Nilicheka nao, lakini nikifika karakana ya hospitali nilipiga tupa kwa hasira. Mume wangu hakunilaumu hata mara moja. Alinikagua Kiingereza kila jioni, mimi napepeta mchele, yeye akiuliza maswali kama afisa wa ubalozi.

Kisha ofisi ya wageni ikakubali, nikaitwa ubalozini. Safari hii alikuwepo afisa Mjerumani, kijana mwenye uso usiosomeka, na yule mama wa dirishani amekaa pembeni kutafsiri nikikwama. Afisa aliniuliza kwa Kiingereza habari za kazi, nikamjibu. Halafu akaniuliza swali nililoliogopa.

"Miezi miwili ikiisha, utarudi Tanzania?"

Ningeweza kusema nitarudi, nikaishia hapo.

"Nitarudi," nilisema. "Na kama kazi imenipenda na mimi nimeipenda, nitakuja hapa hapa kuomba kuhamia. Sitaki kuingia kwenu kwa dirisha, halafu nije kuomba mlango."

Yule mama alitafsiri neno la dirisha huku akizuia kicheko. Afisa hakucheka, ila aliandika kitu, akanyanyuka na kunipa mkono. Viza ilitoka.

Huko Ujerumani baridi ilinitesa, sisemi uongo. Lakini karakanani nilikuwa nyumbani. Plasta ni plasta, ngozi ni ngozi, na mtu aliyepoteza mguu anakutazama kwa macho yale yale popote duniani. Nilipewa mzee mkulima aliyetaka kurudi kwenye ng'ombe wake. Tulirekebisha ule mguu tena na tena mpaka kigutu chake kikaacha kuuma. Alipotembea ukumbini kwenda na kurudi, alivua kofia akaniinamia. Mwenye karakana alinishika bega.

"Mimi nimemaliza kukupima," alisema. "Wewe je?"

"Na mimi nimemaliza," nikasema, tukacheka wote wawili.

Nilirudi Ifakara viza ikiwa bado haijaisha, nikawasilisha ubalozini ombi la kuhamia, langu, la mume wangu na la watoto. Waliuliza nilifanya kazi lini na kwa ruhusa ya nani. Ruhusa ilikuwa imegongwa ndani ya pasipoti yangu.

Siku nilipotoka Dar na majibu sikupitia nyumbani. Nilishuka stesheni, nikaenda moja kwa moja shuleni, vumbi hadi magotini, nikasimama mlangoni mwa darasa. Mume wangu aligeuka, chaki mkononi.

"Tumepata," nilisema. "Sote."

Aliwasahau wanafunzi, akaja akaninyanyua juu mbele yao, yeye mwalimu mkali ambaye hawakuwahi kumwona akitabasamu. Darasa zima likalipuka kwa vigelegele na makofi, wala hawakujua wanashangilia nini.