Msimu wa Mwisho kwa Mama Alfonsina

Harufu ya muhogo uliolowekwa majini huwafanya watu wengi wakunje pua. Mimi inanirudisha likizoni. Ikinijia ghafla sokoni Dilala, katikati ya honi za pikipiki na vumbi la malori ya madini, husimama na kapu langu mkononi nikauona tena ule ufuko wa mchanga wa kijivu, pale mto Lualaba ulipozuiwa na bwawa ukatanuka kuwa ziwa. Sisi watoto wa Kapata, tuliolelewa katika nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mistari, hatukuwahi kuiona bahari. Lakini wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na ziwa lile ndilo lililokuwa bahari yetu.

Kampuni ya zamani ya migodi ilikuwa imejenga pale vijumba vichache ili wafanyakazi wake wapumzike na familia zao. Baba alikuwa dereva wa mashine kubwa za kuchimba, kwa hiyo nasi tulikuwa na zamu yetu. Aliyevitunza vijumba hivyo ni Mama Alfonsina, mjane aliyetoka upande wa Sandoa, mwanamke mnene, mwenye kicheko kilichomtangulia kila aendako. Nyuma ya vijumba alikuwa amejijengea nyumba yake mwenyewe ya matofali ya udongo, akalima muhogo na mahindi hadi karibu na maji. Kampuni ilipoanza kufa na mapaa ya vijumba kuvuja, hatukuacha kwenda. Tulihamia tu kwake. Mama yangu alipeleka chumvi na sabuni, yeye akatoa unga na samaki, na hakuna aliyeuliza nani ni mgeni na nani ni mwenyeji.

Mwaka ninaoukumbuka kuliko yote nilikuwa na umri wa kumaliza shule ya msingi. Noeli ilitukuta huko mvua ikinyesha kila alasiri, mvua nzito ya kwetu isiyopiga hodi. Asubuhi Mama Alfonsina alituongoza msituni kuokota uyoga, mwingine mpana kuliko sahani, akitufundisha ule unaoliwa na ule unaoua. Kumbikumbi walipotoka ardhini tuliwadaka kwa beseni, wakakaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Pasaka ziwa lilikuwa limejaa hadi kwenye nyasi, na samaki wadogo walikuja kuturambaramba vidole vya miguu. Hapo ndipo alipotufundisha kuogelea, mimi na wadogo zangu, akitushika tumbo kwa kiganja kimoja huku akisema, "Mayi haina mubaya. Mubaya ni woga." Aliporudisha mkono wake nyuma bila kuniambia, nikajikuta ninaelea, nilidhani hakuna kitu duniani kitakachonizamisha.

Kisha ukaja wakati wa kiangazi, na likizo ndefu. Asubuhi za Julai kule ni baridi ya kung'ata. Ukungu ulilala juu ya maji kama blanketi, nasi tukakaa tumezunguka moto tukila muhogo wa kuchoma. Ziwa lilijivuta nyuma na kutuachia mchanga mpana wa kuchezea. Mbali vilimani watu walichoma nyasi, na majivu yakaelea hadi kwenye nguo tulizoanika. Baba hakuwa nasi safari hiyo. Kazi yake ya zamani ilikuwa imekufa kabisa, na baada ya miezi mingi ya kukaa barazani, alikuwa ameajiriwa na kampuni nyingine, ya wageni. Mama alimshukuru Mungu kwa sauti. Mama Alfonsina alichinja kuku kwa furaha yetu.

Tuliposikia mngurumo wa mashine asubuhi moja, sisi watoto tulikimbia kuitazama. Ilikuwa imeshushwa kutoka kwenye lori, ya njano, yenye sepetu la chuma mbele. Wanaume wawili waliovaa kofia ngumu walitembea mbele yake wakionyesha kwa vidole. Mdogo wangu ndiye aliyemtambua dereva. "Ni papa!" akapiga kelele, akaanza kupunga mkono. Baba hakupunga. Alikuwa ameshika usukani akitutazama kama mtu aliyeota ndoto mbaya akafungua macho na kuikuta ingali pale.

Vijumba vya kampuni vilianguka upesi, vilikuwa vimeoza. Kisha mmoja wa wale wenye kofia akaonyesha nyumba ya Mama Alfonsina. Alimwambia kwamba ufuko wote umeuzwa, kwamba yeye hana karatasi, na kwamba alikwisha kuonywa. Kuonywa na nani, hakusema. Mama Alfonsina alimpita yule bwana. Alikwenda moja kwa moja mbele ya mashine, akainua uso.

"Tata," akamwita baba, "ni weye?"

"Ni mi, mama."

"Batoto bako balilala mu hii nyumba."

"Najua, mama. Balinituma. Sina na namna."

Mama Alfonsina alimtazama. Sijawahi kuuona tena uso wa namna ile, usio na hasira wala machozi. "Basi zima kwanza masini," akasema, "nitoshe bitu byangu."

Baba akazima. Wakubwa wake wakafoka, lakini alishuka, akaingia ndani na mama yangu, wakatoa sufuria, magunia, viti. Kitanda kilikuwa kizito, cha mninga. Baba alishika upande mmoja, Mama Alfonsina upande wa pili, wakakipitisha mlangoni polepole wasikichubue, wakakiweka mchangani. "Aksanti, tata," Mama Alfonsina akasema. Akasema hivyo kwa adabu ileile aliyomwonyesha kila baba alipomletea sukari. Kisha baba akapanda tena kwenye mashine, akaiwasha, akausukuma ukuta wa nyumba ya Mama Alfonsina. Ukaanguka ndani, na vumbi jekundu likatujia sote.

Jioni, nyumbani Kapata, mama alimwambia baba, "Ungeshuka uende zako."

"Nishuke, na tutakula nini?"

Mwenye nguvu mpishe, husema watu. Wanasahau kusema kwamba wenye nguvu hawaji wenyewe. Humtuma jirani yako. Mama Alfonsina alipanda lori la mahindi kurudi kwa kaka yake Sandoa. Septemba, miombo ilipovaa majani yake mapya mekundu kabla ya mvua, hatukuwa na pa kwenda kuyaona. Baba alifanya kazi ile miaka mingi, ikanisomesha hadi nikawa mwalimu. Kila nilichonacho kimetoka kwenye kiti kile cha mashine. Alipostaafu alisafiri hadi Sandoa bila kutuaga. Alirudi baada ya siku chache akasema tu, "Alishakufa."

Kiangazi kilichopita, walimu wenzangu walipanga matembezi, nikagundua njiani tunakokwenda. Ufuko sasa una ukuta, lango na mlinzi mwenye redio. Kuna mkahawa ulioezekwa kwa nyasi za mapambo, muziki, na miavuli ya rangi kwa ajili ya wakubwa wa migodi. Mchanga umefagiliwa. Lakini hakuna mtu anayeogelea ziwani. Watoto wangu waliogelea kwenye kidimbwi cha kuogelea cha vigae vya buluu, hatua chache kutoka majini, kwa kuwa mhudumu alituonya kwa upole kwamba maji ya ziwa yanawasha ngozi tangu migodi ilipozidi kule juu. Msituni hakukubaki msitu wa kuotesha uyoga. Nilinunua samaki wa kukaanga. Alikuwa ametoka kwenye jokofu, ameletwa kutoka mbali.

Tulirudi kwa kupitia Kapata, watoto wakiwa bado na nywele mbichi. Baba alikuwa barazani, amejifunika koti. Aliwauliza kama walioga ziwani.

"Hapana, kambo," mtoto wangu mdogo akamjibu babu yake. "Ile mayi ni mubaya."

Baba aliitazama mikono yake. "Sisi tulikuwa tunaikunywa," akasema.