Mshauri Asiyekaa

Mshauri wa wanafunzi shuleni kwetu, hapa Kibagabaga, ana ofisi lakini hakai humo. Mtoto akionekana anaingia mlango ule, kufikia mchana shule nzima imeshamzulia ugonjwa. Basi yeye huzunguka nao uwanja wa mpira, mbiombio, pakiti ya karanga mkononi, akiwagawia bila kuwatazama usoni. Anayelia humweka upande wa ukuta, na yeye hupita upande wa madarasa ili amkinge. Mimi nafundisha hesabu karibu na dirisha, na miguu yake inanichosha. Siku moja nilimwambia, "Madamu, si ukae kidogo!" Akanijibu huku anaondoka, "Nikikaa, wananyamaza."

Jana alikuwa na Gaju, wa darasa langu. Walipofika chini ya dirisha, Gaju alisema neno moja fupi, kwa sauti ndogo. Mshauri akasimama. Sikuwa nimewahi kumwona amesimama.

"Nani?" aliuliza. "Nyumbani?"

Gaju alitikisa kichwa kukubali. Wakaanza tena kutembea, ila hawakuzunguka. Walikata uwanja katikati, wameshikana mikono, na mlinzi wetu, anayemdai kila mtu kibali, alifungua geti bila kuuliza.