Biasha na Kabati la Vioo

Wifi hasifiwi bure kwetu Mwabungo. Ukimsifu ataringa, na kaka yako ndiye atakayeona moto nyumbani. Lakini Biasha, mke wa kakangu, leo namsifu, na akitaka kuringa na aringe.

Biasha ndiye mkutubi wa shule ninayosomesha. Hakuajiriwa na serikali. Aliwekwa na halmashauri ya shule, na mwenyekiti wa halmashauri akinuna, kazi imekwisha. Maktaba yenyewe ilikuwa stoo ya majembe. Wakishaingia watu wanne, wa tano angojee nje. Kuta mbili zina rafu za mbao, na kwenye ukuta wa tatu lilisimama kabati refu la vioo, lenye kufuli.

Wengi hudhani kazi ya mkutubi ni kuweka vitabu. Kazi kubwa ya Biasha ni kuviondoa. Kila likizo huvishusha vyote, akavipangusa, akavipima kimoja kimoja. Kilichochanika lakini kinapendwa hukishona kwa sindano ya mikeka. Vyenye nakala nyingi huvigawa madarasani. Kisichoguswa na mtu hukitafutia pengine pa kwenda, kwani kwake yeye mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Mgeni mmoja tu ndiye aliyemshinda. Ndani ya lile kabati mlikuwa na ensaiklopidia, juzuu ishirini na nne za Kiingereza kizito, zenye maandishi ya dhahabu migongoni. Zilitolewa na Mzee Mbarak, mwenyekiti mwenyewe, aliyetajirika kwa malori ya Lunga Lunga. Zilikaa mle miaka tisa zikitazamwa. Ufunguo alikuwa nao mwalimu mkuu, Bwana Kombe, eti watoto wasije wakazichafua. Watoto wa watu hawakujua hata harufu yake.

Mwaka huu vikaja vitabu vya gredi ya tisa. Maboksi yakawekwa sakafuni kwa kukosa pahali, na mchwa wa kwetu hawangojei kualikwa. Asubuhi ya pili Biasha aliinua boksi, kitako chake kikabaki chini pamoja na majalada ya vitabu. Alilia, sitamficha. Kisha akafuta uso, akaenda kuomba ufunguo wa kabati.

Bwana Kombe alimwambia kwamba zawadi ya mkubwa haiguswi, na kwamba mchuma janga hula na wa kwao. Biasha akajibu kuwa basi atakwenda kumwambia mzee yeye mwenyewe, na lawama zote zimshukie yeye. Mwalimu akautoa ule ufunguo kama anayeng'olewa jino.

Jumamosi tukazipakia juzuu zote kwenye tuktuk, tukashika njia ya Ukunda. Nilimfuata kwa sababu habari kama ile haipelekwi na mtu mmoja, na pia kwa sababu nilitaka kumrudisha njiani. Nilimkumbusha kwamba kazi ile ndiyo inayowasomesha watoto wa kakangu. Akaniambia uoga umo kwenye ukoo wetu, na kwamba alilijua hilo tangu siku ya posa.

Mzee Mbarak tulimkuta barazani kwake. Tulimwamkia shikamoo, akatuitikia vizuri, akauliza habari za watoto na za shule, akaagiza tuletewe maji ya ukwaju. Ndipo alipoziona juzuu zikishushwa, na uso ukambadilika.

"Hizo si zangu?" akauliza.

"Ni zako, Mzee," Biasha akasema. "Nimezirudisha. Zimekaa miaka tisa bila msomaji, na vitabu vya watoto vinaliwa na mchwa kwa kukosa rafu."

Mzee akasema, taratibu, kwamba tangu azaliwe hajapata kurudishiwa zawadi, na kwamba anayeweza kumvunjia heshima namna ile huenda amechoka na kazi. Nikamvuta Biasha buibui, tuondoke. Yeye akafungua mkoba wake.

Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Biasha alitoa kitabu kidogo cha hadithi, kimenenepa kwa kufunuliwa, jalada limeshonwa na kushonwa tena. Akampa mzee kwa mikono miwili. Akamweleza kwamba kilikutwa chini kabisa ya maboksi yaliyoileta ensaiklopidia miaka ile tisa iliyopita, labda kilitiwa kujaza nafasi, na kwamba shule nzima hakuna kinachoazimwa kukishinda. Watoto hukiita cha Bi. Hasina, kwa jina lililoandikwa ndani kwa penseli, herufi kubwakubwa zisizonyooka.

Bi. Hasina alikuwa mkewe, Mungu amrehemu. Alijifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la gumbaru, na kitabu chake kilikuwa hicho. Mzee alikifunua, akawa anapitisha kidole juu ya lile jina. Nilingoja Biasha amwambie akichukue moja kwa moja. Mimi ningemwambia hivyo, na kazi yangu ningeiokoa.

"Naruhusiwa kukiazima?" mzee akauliza.

"Unaruhusiwa," Biasha akasema. "Lakini wiki moja tu, Mzee. Kuna mtoto anakingojea."

Nikamvuta tena buibui. Mzee akacheka huku machozi yanamtoka. Akasema juzuu ziingizwe ndani, na kabati livunjwe kufuli, ni la watoto.

Wiki ilipokwisha alikuja mwenyewe, amevaa kanzu safi, akapanga foleni nyuma ya watoto wa gredi ya nne. Bwana Kombe alikimbilia kumpeleka mbele. Biasha, bila kuinua macho, akasema foleni ni foleni, nami nikajikuta natamba kwa walimu wenzangu kwamba yule ni wifi yangu. Msichana aliyekuwa mbele ya mzee akageuka, akakiona kitabu mkononi mwake, akamwuliza kama amekimaliza.

"Bado," mzee akasema, akampa. "Lakini zamu yangu imekwisha."