Ngitili ya Bibi

Juzi hapa mjini, pale Somanda, nilipishana na bodaboda aliyefunga mzigo wa majani mabichi nyuma ya pikipiki, anampelekea mtu mwenye ng'ombe wa maziwa. Majani ya kununua! Nilicheka, kisha moyo ukanishtuka, maana nilikumbuka kijijini kwetu Ngulyati na ngitili ya bibi.

Ngitili, rafiki yangu, ni shamba la majani. Mvua zikianza bibi aliifunga, ng'ombe asikanyage, majani yakue na kukaukia humohumo. Kiangazi kikikomaa aliifungua kipande kwa kipande: kwanza ndama, ng'ombe wa kulima na wenye mimba. Swala wakitoka porini alfajiri alitukataza kuwafukuza. "Na wao wana matumbo," alisema. Mpaka leo naikumbuka harufu ya yale majani makavu, tamu kama uji wa mtama unaoanza kuchemka.

Basi soko la pamba likawa huria. Wanunuzi binafsi wakawa wanagombania pamba hadi mlangoni, baba akapagawa. Mvua za kwanza aliingiza plau kwenye ngitili, akalima zaidi ya nusu.

"Mwanangu, pamba ng'ombe anakula?" bibi alimuuliza.

"Mama, pamba itatulisha wote, na ng'ombe pia."

Pamba ilikubali kweli. Baba akaezeka nyumba yake kwa bati, la kwanza upande wetu, nasi watoto tukaringa mno. Lakini kiangazi kile hakikutaka kuisha. Fedha ilikuwepo, majani ya kununua hayakuwepo popote. Kila jioni nilifuatana na bibi kukagua kipande cha ngitili kilichobaki. Swala sasa baba aliwafukuza kwa mbwa.

Mweupe, ng'ombe wa bibi ambaye maziwa yake yalitukuza sote, alikuwa na mimba. Akaanza kushindwa kuinuka. Asubuhi tulimwinua, baba mkiani, sisi mbavuni, nami niliogopa kumtazama machoni.

Ngitili ilipokwisha, bibi alipanda juu ya nyumba yake ya nyasi akaanza kunyofoa paa.

Baba alikuja mbio. "Mama, shuka! Watu watasemaje?"

"Waseme. Majani haya nayo yalitoka ngitili."

Baba alipanda. Akanyofoa naye.

Mvua ilipofika, nyumba ya bibi ilikuwa fito tupu. Tulijibana naye chini ya bati, likipiga kelele hata tusisikie kama Mweupe analia. Kulipokucha tulimkuta amesimama mwenyewe, amelowa chapachapa, anatetemeka.

Msimu huohuo baba alilima na kipande kilichobaki. Bibi hakuuliza tena.

Siku hizi Ngulyati bati linang'aa kila upande, na swala nimewasahau hata sura. Mvua ikichelewa kidogo tu, mimi mtu wa mjini nisiye hata na mbuzi nakosa usingizi. Nawaza Mweupe mwingine amelala, hawezi kuinuka, na watu wamemzunguka wanatazama juu. Watamlisha paa lipi?