Mganga wa Mashine

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Saiti nzima ilimwita Mganga, kuanzia bosi mpaka mama wa chai, na mwenyewe alilipenda jina hilo. Alikuwa fundi mitambo wa kampuni ya ujenzi, mwanamume mfupi mwenye viganja vipana, ambaye mifuko ya suruali yake haikukosa waya, raba na kipande cha sabuni. Sabuni ilikuwa ya tangi la mafuta likitoboka: unaisugua pale penye tundu, inaziba, kazi inaendelea.

Katika kampuni ile, mashine haikupumzika mpaka igome yenyewe. Oili ilibadilishwa ikishakuwa nzito kama lami. Chujio lilikung'utwa, likapulizwa, likarudishwa lilikotoka. Ukienda stoo kuomba spea, unaulizwa, "Kwani haifanyi kazi?" Na kweli ilikuwa inafanya kazi, kwa sababu Mganga alikuwepo. Jenereta ikizimika katikati ya kumwaga zege, anaitwa mbio mbio. Anainama, anagongagonga, anaitukana kidogo, jenereta inanguruma. Watu wanashangilia, na bosi anampigapiga begani.

"Huyu ndiye daktari bingwa," bosi huwaambia wageni. "Hawa wengine wanajua kuomba vipuri tu."

Nyumbani mkewe alikuwa anamtania. "Kiti cha sebuleni kinayumba tangu mwaka juzi. Au nacho kiajiriwe saiti ndiyo kitengenezwe?" Mganga anacheka, anakunja karatasi, anaipachika chini ya mguu wa kiti.

Kaka wa mkewe ndiye aliyeendesha winchi ya kupandishia zege kwenye jengo la ghorofa walilokuwa wakijenga. Mganga mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi hiyo. Mashemeji hawa walikula chakula cha mchana pamoja kila siku, wamekaa juu ya mifuko ya saruji, wakibishana mpira.

Siku moja akaletwa injinia mpya, mwanamke kijana asiye na maneno mengi. Alisimama karibu na winchi akiisikiliza. Ndoo ya zege ilipokuwa ikishuka, breki ililia, ndoo ikateleza kidogo ndipo ikasimama. Akaomba ifunguliwe, akachungulia, kisha akamwendea bosi mbele ya watu wote.

"Breki zimekwisha kabisa. Winchi isimame mpaka zije mpya."

Bosi akakunja uso. "Kesho tunamwaga sakafu ya juu, dada. Isimame vipi?" Akamgeukia Mganga. "Unasemaje, daktari?"

Mganga alijua kwamba dada yule amesema kweli. Breki zile alikuwa ameziona kwa macho yake, zimebaki chuma kitupu. Lakini watu wote walikuwa wanamtazama yeye, na mdomo ukatangulia.

"Dada, tusitishane bure. Nipe mpaka saa ya chai."

Akakata kipande cha tairi kuukuu, akakifunga kwenye breki, akakikaza kwa waya. Chai haijapoa, ndoo ikashushwa na kusimama tuli. Makofi yakapigwa. Injinia alingoja watu watawanyike, kisha akamwambia taratibu, "Fundi, ukiendelea kuwafichia ugonjwa, nani atanunua dawa?"

"Usijali, dada. Mashine hizi nimezizoea."

Basi kazi ikaendelea hivyo kwa miezi. Raba ile ya tairi ikilika, Mganga anaweka nyingine asubuhi kabla watu hawajajaa, bila kumwambia mtu. Hata shemeji yake hakumwambia. Halafu mgongo ukamkamata. Akalala nyumbani kwa siku kadhaa, hata kugeuka hawezi. Kule saiti hakuna aliyebadilisha raba, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba huwa inabadilishwa.

Ndoo iliyojaa zege ilifika karibu na ghorofa ya juu, ikaanza kushuka yenyewe. Waliokuwa chini walikimbia. Shemeji hakukimbia. Aling'ang'ania mpini wa breki akiuvuta kwa uzito wake wote, mpaka ndoo ilipolipiga jukwaa la mabomba na mabomba yakamwangukia mguuni. Hospitali wakaukata chini ya goti.

Mganga alifika wodini akitembea kwa kujikunja, ameshika kiuno. Mkewe alikuwa amekaa kando ya kitanda cha kaka yake, na hakuinua uso. Simu ikalia mfukoni. Ilikuwa ya bosi.

"Pole sana kwa shemeji. Kampuni iko pamoja nanyi. Na mgongo unaendeleaje? Maana winchi imesimama hapa."

Na Mganga akaenda. Jambo hili ndilo linalomuuma kuliko yote. Alijifunga mkanda kiunoni, akaenda, akaambiwa breki mpya ziko njiani, akakata raba nyingine. Injinia alimkuta amepiga magoti pale pale kwenye winchi. Aliingia ofisini, akaacha kofia yake ya kazi mezani, na hawakumwona tena.

Shemeji aliporudi nyumbani, Mganga alikuwa akimtembelea kila jioni, na kila jioni anaondoka bila kusema alichokusudia. Mwishowe akajikaza.

"Shemeji, yule dada alitaka kuisimamisha winchi. Mimi ndiye niliyemzuia."

"Najua. Si nilikuwepo?"

"Sasa mbona hujanilaumu hata siku moja?"

Shemeji alivuta mto, akauweka sawa chini ya paja. "Nilikuwa naisikia inavyolia, hata kabla huyo dada hajaja. Najisemea moyoni, aah, Mganga yupo."

Mganga aliona afadhali angetukanwa.

Wiki ile ile alimwambia bosi kwamba raba haweki tena. Ama vije vipuri, ama atafutwe mtu mwingine. Bosi alidhani ni mzaha, akacheka. Kisha akatafuta mtu mwingine. Nasikia ni hodari kweli kweli, na wamempa jina la Profesa.

Siku hizi Mganga ana gereji ndogo karibu na nyumbani. Shemeji hukaa mlangoni kupokea wateja. Mtu akisema, "Nifungie tu na waya nifike ninakokwenda," anaambiwa hapana, na wengi wanageuza magari wakilalamika.

Namba ya injinia aliipata kwa mama wa chai. Alikaa nayo muda mrefu, ndipo akapiga.

"Mimi ni yule fundi wa winchi, dada."

"Shemeji yako anaendeleaje?"

"Anatembea na magongo. Anaendelea."

"Breki waliweka?"

"Sijui, dada. Siko tena pale."

Akamsikia akishusha pumzi. Injinia akamshukuru kwa kupiga, akasema yuko kazini, wataongea siku nyingine, akakata. Mganga alikuwa bado hajamwomba radhi. Alijiambia atapiga tena jioni. Jioni ikafika, hakupiga, na kila siku inayopita anaona imekuwa vigumu zaidi.